Tumeuziwa makasri ya bonde la Loire, tukaonyeshwa maegesho ya mabasi

Wanajamvi,

Nina hasira, na wakala aliyetuuzia ziara hii ya siku moja kutoka Paris, ambaye simtaji kwa sasa, anajua kwa nini. Tangazo lake liliahidi makasri manne ya Ufaransa. Tulicholipia na tulichokipata ni vitu viwili tofauti kabisa.

Chambord tulipewa muda ulioishia kwenye foleni. Kasri hilo, lililoanza kujengwa mwaka 1519 kwa amri ya Mfalme François I, lina meko 282, na fahari yake ni ngazi mbili zinazojipinda pamoja kuzunguka nguzo moja, hata anayepanda na anayeshuka wakaonana kupitia madirisha bila kupishana. Tulikuwa ndiyo kwanza tunaifikia ngazi hiyo tulipoitwa kurudi kwenye basi.

Chenonceau ndiko kulikonichoma zaidi, kwa sababu kiingilio hakikuwemo katika bei na hatukuambiwa mapema. Uzuri wa kasri lile umo ndani, katika ukumbi mrefu ambao Malkia Catherine de Médicis aliujenga juu ya daraja la Diane de Poitiers, hawara wa mumewe, baada ya kumlazimisha aliache kasri hilo na kuchukua lile la Chaumont. Ukumbi huohuo ulikuwa hospitali ya majeruhi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Sisi tulisimama getini, huku mwongozaji akituambia kwamba mto unaopita chini yake ni Loire, ilhali ni Cher! Mtu analipwa kwa kazi hiyo?

Amboise, alikozikwa Leonardo da Vinci, tuliiona kwa dirisha la basi. Blois hatukushuka kabisa.

Wakala anajitetea kwamba kulikuwa na msongamano wa magari. Mbona kwenye duka la mvinyo, ambalo halikuwemo katika ratiba, tulikaa mpaka tukachoka, na wengi wetu hatugusi kilevi?

Ninadai nirudishiwe sehemu ya fedha zangu, na barua nimeshamwandikia. Kama umeshaweka nafasi katika ziara ya namna hii, mtake wakala aandike ni makasri yapi mtakayoingia, kwa muda gani, na kiingilio atalipa nani. Akikataa, panda treni ya mwendo kasi kutoka Paris hadi Tours, mji ulio katika bonde hilo la Loire, safari ya saa moja na ushei tu, ujipangie mwenyewe.