Vidudu gani hivi kwa tangi langu la guppy?

baba_guppy: Niaje wadau. Niko na tangi la lita 20 hapa Umoja, guppy wachache na mimea nilipewa na jamaa ako na bwawa huko Kiambu. Juzi nikakamua ile sponji ya filta nikaweka tone chini ya hadubini ya binti yangu, na aisee kumejaa! Kuna vikengele viko na mkia mrefu vimeshika uchafu, ukigusa meza tu vyote vinarudi nyuma pap. Kingine kinatambaa kikijivuta na kujikunja, alafu kikitulia kinatoa magurudumu mawili kichwani. Ni nini hizi na samaki wako salama?

ticha_baio: Vikengele ni vortisela, viumbe vya seli moja. Ndani ya huo mkia kuna uzi unajikaza ghafla, unajiviringa kama springi alafu unanyooka polepole. Leeuwenhoek, yule Mholanzi, aliziandika 1676 na lenzi za kujitengenezea. Hicho kingine ni rotifa, na hayo magurudumu hayazunguki, ni vinywele vinapiga kwa zamu macho yako yanadanganyika. Mwangalie chini ya shingo utaona taya zinasaga, hapo umemjua, juu rotifa ni mnyama wa seli nyingi ingawa kuna paramesia, viumbe vya seli moja tu, wanamzidi ukubwa. Samaki hawana noma. Vortisela zinakula bakteria, zikijaa sana punguza chakula, na rotifa ni msosi wa vifaranga wa samaki.

mama_tangi: Vikikimbia sana weka nyuzi chache za pamba kwa tone kabla ya kufunika na kile kioo chembamba, vinakwama katikati hapo unavitazama vizuri. Anza na lenzi ndogo, watu hukimbilia ile kubwa alafu wanalia hawaoni kitu.

jirani_wa_maji: Mi nauliza hiyo mimea ya bwawa, ilikuja na konokono? Kuna wale wa Biomphalaria wenye gamba bapa, hao ndio hubeba kichocho cha tumbo. Ukiona kwa hadubini kitu kinachapa mkia uliogawanyika kama Y, huenda ni kidudu cha kichocho chenyewe, usitie mkono humo.

baba_guppy: Duh, wako wawili na gamba ni bapa kweli. Mkia wa Y sijaona lakini.

ticha_baio: Bapa pekee haitoshi, kuna jamii zingine zinafanana nao na hazina shida. Bado watoe tu, na kijiko sio vidole, na binti asiguse hayo maji kwa sasa. Hivyo vidudu vya kichocho bila kupata mtu hufa ndani ya siku mbili hivi.

baba_guppy: Poa ticha, natafuta glavu saa hii.