Viwanja vya Mikindani (Mtwara) vinahama kwenye ramani, nakosea wapi?

Wakuu habari za jioni, nimepata faili la koodineti za viwanja toka halmashauri, nimeliingiza QGIS (programu ya ramani kwenye kompyuta) juu ya picha ya satelaiti na kila kiwanja kimesogea kama mita 300 kaskazini na kidogo magharibi, kona ya kwangu iko katikati ya mikorosho ya jirani 😂 Faili bovu au mimi?

Jibu 1: Pole mkuu, faili halina ubovu. Ramani nyingi za upimaji bongo zipo kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa koodineti, wewe umelisomesha faili kama WGS84, mfumo unaotumiwa na jipiesi, ndiyo maana viwanja vimesogea. Bonyeza leya ya viwanja, chagua EPSG:21037 (namba ya Arc 1960 kwa zoni 37 kusini, Mtwara na Lindi zote zimo humo) halafu acha QGIS ibadilishe yenyewe. Usilisukume kwa mkono!!

Jibu 2: Na usije ukahamisha bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) kwa kuangalia simu, jipiesi yake inayumba mita kadhaa. Mtafute mpimaji.

Muuliza: Duh, kona yangu imekaa palepale kwenye mnazi wangu. Shukrani sana wakuu.