Mrejesho: ile espdiff ya kusoma mawazo
Wakuu, nilikuja hapa nalalamika kwamba nimeweka patchutils (mkusanyiko wa vijiprogramu vya kushughulikia pachi, yaani mafaili yanayoonyesha mistari ya kodi iliyobadilishwa) kwenye Linux, maelezo yanasema kimojawapo, espdiff, inasoma mawazo ya mwandika programu na kugeuza pachi vile anavyotaka, ila kwangu haisomi kitu. Kumbe ni utani jamani 😂 na mimi nimekaa nusu saa naikodolea macho skrini nawaza kwa nguvu mpaka mama watoto akauliza kama naumwa. Kilichoniokoa ni rediff, kijiprogramu kingine cha humo humo, maana pachi niliihariri kwa mkono hesabu za mistari zikavurugika, yenyewe ikazinyoosha fasta, halafu interdiff ikanionyesha pachi mpya inatofautiana wapi na ya zamani. Ile lsdiff nayo inaorodhesha mafaili yaliyoguswa na pachi, tamu sana. Aliyenijibu "waza taratibu, inazidiwa" nakudai soda.