Zumu moja ya f/2.8 au praimu mbili kwa harusi za ndani ya nyumba?

Mwenye swali, Unguja

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa tatu nikipiga picha za harusi hapa mjini Unguja, na karibu kazi yangu yote iko upande wa wanawake: kutiwa hina, kupambwa kwa biharusi, maulidi ya ndani, na ile saa bwana harusi anapoingizwa chumbani kumpa mkono mkewe. Nina kamera moja tu, Canon yenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachopokea picha), na lenzi niliyoinunua nayo, yaani 18-55 ya f/3.5-5.6. Namba za mwanzo ni urefu wa lenzi kwa milimita, na ndogo huona kwa upana zaidi; f ni ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Mchana, uani au barazani, lenzi hiyo sina neno nayo. Inaniangusha usiku ndani ya nyumba, kwa kuwa nikivuta hadi 55 tundu haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, nami hulazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, hadi 6400 ili kasi ya shata isishuke chini ya 1/125 ya sekunde, na hapo mabuibui meusi na pembe za chumba hutoka na chenga tupu.

Akiba niliyoiweka inatosha jambo moja kati ya mawili. La kwanza ni zumu, yaani lenzi ya kuvuta, ya Sigma iliyokwisha kutumika, 17-50, ambayo hubaki na f/2.8 hata ukiivuta hadi mwisho. La pili ni praimu mbili, zile lenzi zenye urefu mmoja usiobadilika: Canon 24 ya f/2.8 na Canon 50 ya f/1.8. Bei nilizotajiwa zinakaribiana sana. Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza hunisifia lenzi aliyonayo yeye. Naomba mnisaidie kulifikiri jambo hili kwa kazi yangu hasa, si kwa picha za mandhari wala za barabarani.

Mchangiaji wa kwanza, Dar es Salaam

Waalaykum salaam, dada. Nakushukuru kwa kueleza kazi yako kabla ya kutaja lenzi, maana wengi huanza kinyume.

Kabla ya yote naomba uitazame vizuri hiyo 24. Watu husema praimu zinafaa gizani kana kwamba kila praimu ni hivyo, lakini tundu la 24 hiyo huishia f/2.8, sawasawa na zumu unayoifikiria. Kwa upande wa mwanga hutaongeza chochote. Praimu inayokupa mwanga wa ziada ni ile 50 peke yake. Kwa hiyo swali lako halisi ni hili: je, nafasi ya kupiga picha kwa f/1.8, tena kwa urefu wa 50 tu, ina thamani kuliko kuwa na urefu wote wa kuanzia 17 hadi 50 kwa f/2.8?

Sasa twende chumbani. Chukulia umeegemea ukuta na maharusi wako mita mbili mbele yako. Kwa sensa ya kamera yako, kwa 17 picha itachukua upana wa karibu mita 2.6, kwa hiyo maharusi wataingia pamoja na mama zao. Kwa 24 utapata karibu mita 1.9, yaani maharusi na mtu mmoja kila upande wakibanana. Kwa 50 utapata sentimita 90, ambazo ni nyuso mbili na mabega. Ukitaka kumpiga biharusi aliyesimama wima kwa 50, kutoka ushungi hadi viatu, utahitaji kurudi nyuma kiasi cha mita tano. Je, chumba cha biharusi kina mita tano?

Napenda kusisitiza hapa kwa sababu ushauri mwingi unaosifu 50 umetoka kwa watu wa kamera zenye sensa kubwa au wa filamu. Henri Cartier-Bresson, yule mpiga picha maarufu wa Kifaransa, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya 50, lakini alikuwa akitumia filamu ambayo kila picha yake ina upana wa milimita 36. Kwenye Canon yako 50 huona kama 80 inavyoona kwenye kamera ya namna ile. Ukitaka jicho lake, tafuta kitu cha karibu 31.

Nami nimeona kwa macho yangu hasara ya kubadili lenzi. Bwana harusi aliingia nikiwa na lenzi moja mkononi na nyingine imefungwa nusu, akaweka mkono juu ya kichwa cha mkewe, akasoma dua, akatoka. Jambo hilo halikurudiwa kwa ajili yangu, wala sikuthubutu kuomba lirudiwe. Chukua zumu.

Mchangiaji wa pili, Lamu

Bi mdogo, mimi nimefanya kazi kama yako kwa miaka mingi, nami nasimama upande wa praimu, ingawa hesabu za kaka wa Dar es Salaam siwezi kuzipinga. Nyumba zetu za mawe hapa Lamu, na zenu za Mji Mkongwe, vyumba vyake ni virefu lakini ni vyembamba, kwa kuwa dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haikuweza kuvuka upana unaozidi sana mita mbili na nusu au tatu. Huo ndio upana wa chumba utakachopigia picha, ukiwa na kitanda, masanduku na wanawake ishirini ndani yake.

Humo humo ndimo nilimopendea lenzi ndogo. Ile 24 ina gramu 125 na ile 50 ina gramu 160. Zote mbili pamoja ni nusu ya Sigma, ambayo ina gramu 565 na kioo cha mbele kinachotaka filta ya milimita 77. Uzito wenyewe unavumilika. Ninachojali ni uso wa bibi aliyeketi mkekani anapoelekezewa kioo kikubwa kama kikombe, kwani hufunga ushungi, hugeuka, na ile furaha aliyokuwa nayo huondoka. Nikiwa na 24, ambayo imetokeza kidogo tu mbele ya kamera, watu huendelea kuimba na kupiga makofi.

Halafu kuna hina. Lenzi ya 24 hushika fokasi kutoka sentimita 16, umbali unaopimwa kutoka kwenye sensa, kiasi cha kiganja kimoja kuijaza picha yote, na maua ya hina huonekana mpaka ncha zake. Zumu ya Sigma huanzia sentimita 28. Inatosha, ila mkono hautajaa vile.

Jihadhari pia na 17. Mtu aliye pembeni mwa picha hutanuka, na mara nyingi anayesukumwa pembeni ni shangazi au bibi, yule ambaye familia itamtafuta kwanza kwenye albamu. Kwa 24 kasoro hiyo hupungua sana. Asiyeenea nampiga kwenye picha ya pili.

Na mwanga wa 50 usiudharau. Pale unapohitaji ISO 6400 kwa f/5.6, zumu ya f/2.8 itakushusha hadi 1600, na f/1.8 itakushusha hadi karibu 640. Umeme ukikatika watu wakawasha taa za betri, tofauti hiyo ndiyo inayokupa kazi.

Mchangiaji wa kwanza, Dar es Salaam

Shangazi, hayo ya hina na ya mabibi nayapokea, na la watu kutanuka pembeni ni kweli tupu. Kwa zumu dawa yake ni kuivuta hadi 22 au 24 kila chumba kinaporuhusu, na kuiacha 17 kwa picha ya pamoja ambayo haipatikani kwa njia nyingine.

Ila f/1.8 ina sharti lake. Kwa 50, mtu akiwa mita mbili mbele yako, eneo lililo kali ni kama sentimita 11 tu kutoka mbele hadi nyuma. Uso mmoja unatosha humo. Maharusi wawili, mmoja ameinama na mwingine ameketi, hawatoshi, na mmoja wao atafifia. Itakubidi ufunge tundu hadi f/2.8 au f/4, na hapo ule mwanga ulioununua umekwisha kuurudisha. Kwa 24 kwenye f/2.8, kwa umbali huo huo, eneo kali huzidi nusu mita, na watu wawili huingia bila wasiwasi.

Dada, fanya jambo moja kabla ya kununua. Kila picha huhifadhi ndani ya faili lake urefu wa lenzi uliotumika. Fungua kazi zako tano za mwisho, chukua zile tu ulizowakabidhi wateja, kisha hesabu ngapi zilipigwa kwa urefu upi. Picha zilizopigwa kwa 18 kamili zisome kwa uangalifu, kwani nyingine ulizipiga hivyo kwa kuwa lenzi ilikataa kwenda chini zaidi, si kwa kuwa ulichagua.

Fundi wa kamera, Mombasa

Nitasema kuhusu hiyo zumu iliyotumika, maana lenzi za namna hiyo hufika mezani kwangu mara kwa mara.

Pwani adui wa kwanza ni ukungu. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie kutoka upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo lisikutishe, zumu inayorefuka huvuta hewa na vumbi pamoja. Ukiona nyuzi zinazotambaa kama utando wa buibui, iache, hata ukipunguziwa bei, kwa kuwa ukungu ukishakula kioo kusafisha hakurudishi kilicholiwa.

Kisha ivute kutoka 17 hadi 50 mara nyingi, polepole, na upige picha katika kila hatua ukiwa umefunga tundu hadi f/8. Ndani ya zumu za namna hii mna waya bapa unaokunjwa kila unapovuta, na ukianza kukatika kamera huonyesha hitilafu katika urefu fulani tu huku kwingine ikifanya kazi vizuri. Muuzaji anaweza asijue kabisa. Iinamishe pia uone kama inateremka yenyewe, na piga ukuta wenye matofali ulinganishe upande wa kushoto na wa kulia, maana lenzi iliyowahi kuanguka mara nyingi huwa kali upande mmoja tu.

Praimu zina vipande vichache vinavyotembea, na kwa hilo shangazi wa Lamu ana haki. Nayo 50 ina sifa nyingine: siku utakayohamia Canon yenye sensa kubwa na mlango wa lenzi wa aina ya EF utaitumia vilevile, wakati 24 hiyo haitaingia kabisa, na Sigma itaingia lakini itatia giza kwenye pembe.

Lenzi yoyote utakayonunua, usiilaze kwenye mfuko wa ngozi. Weka ndani ya kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vijifuko vya kukausha unyevu, na uvibadilishe kabla ya masika.

Mwenye swali, Unguja

Nimehesabu, kaka, na nimekaa nazo kwa siku mbili. Katika picha 412 nilizokabidhi, 171 zilipigwa kwa 18 kamili, 96 kwa 55 kamili, na zilizobaki zimetawanyika katikati, nyingi kati ya 22 na 35. Nilizipitia zile za 18 moja baada ya moja. Zaidi ya nusu ni za chumbani, na katika nyingi kuna mkono au bega lililokatwa pembeni ambalo nisingelikata kama ningekuwa na nafasi.

Jana nilikwenda kwenye nyumba ya harusi ya wiki ijayo na utepe wa kupimia. Chumba kina mita 2.7 kutoka ukuta hadi ukuta, na kitanda kimekwisha kuchukua zaidi ya moja. Nilisimama palipobaki, nikaiweka lenzi yangu kwenye 24 nisiiguse, kama ningekuwa na praimu. Dada wa biharusi aliketi kitandani, mama yao akasimama kando yake. Mama alikatika nusu. Nikaivuta hadi 50, nikapata uso wa dada peke yake, mzuri kweli, lakini yule mama hayumo.

Kwa hiyo nitaanza na zumu. Shangazi, maneno yako kuhusu mabibi yamenikaa moyoni, na nimeamua sitaitoa kamera mkobani mpaka nimekaa nao mkekani na kunywa chai. Lenzi yangu ya zamani nitaiuza, na fedha yake itakuwa mwanzo wa kuinunua 50 baadaye, kwa ajili ya uso wa biharusi na kwa zile usiku za umeme kukatika.

Muuzaji amekubali niijaribu Jumamosi asubuhi. Tochi, utepe na orodha ya fundi nimekwisha kuvitia mkobani, na nimechagua ukuta wa matofali ulio karibu na duka lake.