Ukaguzi wa ndege unatiwa saini kabla ya kufanywa: rubani afanye nini?

Rubani wa Luano, Lubumbashi:
Wazee na ndugu wa anga, nawasalimu. Ninarusha ndege ndogo ya propela mbili kutoka Luano kwenda Manono, Kongolo na viwanja vingine ambako tunatua juu ya udongo na changarawe. Kinachonisumbua ni ukaguzi wa kila siku: alfajiri ninakuta karatasi imekwisha kutiwa saini, ilhali umande umetanda juu ya vifuniko vya injini na hakuna alama ya mkono wa mtu. Kingo za propela zina mapengo yaliyopigwa na mawe, na breki ya kushoto inaivuta ndege upande mmoja. Nikilalamika, naambiwa nieleze kwa mdomo tu, kwani nikiandika kitabuni, yaani kitabu cha hitilafu za ndege, ndege italala bila kuruka. Je, nina haki gani ya kukataa kuruka, na nitaitumiaje bila kuitwa mchochezi?

Fundi mstaafu, Lubumbashi:
Komanda, ubaya unaanzia hapo kwenye mdomo. Hitilafu iliyoandikwa hudai jibu: ama irekebishwe na fundi aweke saini, ama iahirishwe kwa tarehe maalumu, iwapo orodha rasmi ya ndege hiyo inaruhusu kuruka kifaa hicho kikiwa kibovu. Iliyosemwa haina mwenyewe, na rubani wa zamu inayofuata ataipokea ndege akidhani ni nzima. Kuhusu propela, mtengenezaji huweka kipimo cha kina cha pengo. Likiwa ndani ya kipimo fundi hulisawazisha kwa tupa, likizidi bapa la propela hutolewa, maana ufa huanzia hapo.

Uliza pia ndege imetua mara ngapi, si saa tu ilizoruka, maana kila safari huuchosha mwili wake. Boeing 737 ya Aloha Airlines iliyopasuka paa angani tarehe 28 Aprili 1988 ilikuwa ya safari fupi za visiwani Hawaii, yenye safari 89,680, na chumvi ya bahari ilikuwa imekwisha kula viungio vyake. Abiria mmoja aliuona ufa alipokuwa akipanda, akanyamaza. Lakini usimfanye fundi wako kuwa adui. Mara nyingi naye anangojea vipuri ambavyo hakuna aliyevilipia.

Rubani msaidizi, Goma:
Nakubaliana na Mzee, ila ningetenganisha malalamiko mawili. Kuna ukaguzi usiofanywa, kama huo wa karatasi, na kuna ukaguzi unaofanywa kwa uaminifu lakini kwa kuchelewa. Ndege ya MD-83 ya Alaska Airlines iliyoanguka baharini tarehe 31 Januari 2000, ikaua watu wote 88, ilikuwa na skrubu ya mkiani iliyolika kwa kukosa grisi, na wachunguzi walieleza kwamba muda kati ya kupaka grisi mara moja na nyingine, na kati ya kupima ulikaji mara moja na nyingine, ulikuwa umerefushwa kwa idhini ya mamlaka. Karatasi pekee zisingekuonyesha kosa. Ungeandika barua isiyo na jina moja kwa moja kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa sababu hapa kwetu anayesema hupoteza kazi.

Msomaji wa sheria za anga, Bukavu:
Hilo la barua isiyo na jina silikubali kama hatua ya kwanza, kwa kuwa mkaguzi hawezi kurudi kukuuliza ni ndege ipi na ni asubuhi ipi. Haki unayo, Komanda: Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinakataza safari kuanza kabla ya rubani mkuu kuridhika kwamba ndege inafaa kuruka na kwamba kibali cha matengenezo, yaani saini ya kuthibitisha kwamba matengenezo yamekamilika, kimetolewa. Nguvu hiyo unayo kabla ya kuondoka, ukisharuka, umekubali. Kwa hiyo breki na propela ziandike leo kitabuni kwa maneno makavu, yaani ulichoona na mahali, bila kumtaja mtu wala kukisia nia yake. Suala la saini liandikie barua ya pekee kwa msimamizi wa usalama wa kampuni, udai muhuri wa kupokelewa, na nakala uiweke nje ya ofisi. Wakinyamaza, peleka nakala hiyo kwa Mamlaka ukiwa na jina lako, uombe kwa maandishi kwamba lisifichuliwe kwa mwajiri.