"Severally" kwa fomu ya sacco inamaanisha nini haswa?

Wa_Githurai44
Wasee niaje. Niko na fomu ya sacco hapa, binamu yangu anachukua loni ya 600,000 na ameniomba nikuwe mdhamini, tuko watatu. Sasa huko chini kabisa, kwa yale maandishi madogo ya kuumiza macho, wameandika ati wadhamini watakuwa liable "jointly and severally". Jointly naelewa, ni pamoja. Lakini severally mimi najua ni mara nyingi, si hata kazini mtu akikukosa kwa simu anakuandikia "I called you severally", supavaiza wetu huiweka karibu kila imeili. Kwa hivyo hii ni kusema watanikata mara nyingi ama? Binamu anasema hayo ni maneno tu ya mawakili nisaini twende, lakini si yeye atakatwa, ha. Fomu inatakikana Ijumaa.

Buda_Umoja1
Wakukate severally hadi ushike adabu 😂😂 Lakini ngoja wenye wanajua waje, mimi pia hapo huwa nasaini tu na kuenda zangu.

Mwalimu Mstaafu
Kijana wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kusaini. Kwa Kiingereza sanifu "severally" haihesabu mara. Maana yake ni kila mmoja kivyake, mbali na wenzake. Neno "several" lilitoka Kilatini likapitia Kifaransa kile walichokuwa wakitumia wakubwa wa Uingereza zamani, na mwanzoni lilikuwa la kitu kilichotengwa na kingine, hii maana ya "kadhaa" ilikuja baadaye. Ile ya kwanza ikabaki huko kwa sheria. Ukisoma katiba ya Marekani ya 1787 utakuta "the several States" na hapo hawasemi majimbo kadhaa, wanasema majimbo yote, kila moja na lake. Kwa hivyo kwa fomu yako soma hivi: kwa pamoja na kila mmoja kivyake.

Hii yetu ya "I called you severally" nadhani ilikuja kwa kufuata mkondo tu, repeated imezaa repeatedly, frequent imezaa frequently, basi several nayo ikazalishwa severally na kila mtu akaona iko sawa. Mwingereza ukimwandikia hivyo ataachwa akijiuliza mlikuwa wangapi mkimpigia. Andika "several times", na kama umeanza kukasirika andika "repeatedly". Kwa insha za wanafunzi hilo neno nilikuwa nalizungushia kalamu nyekundu bila huruma.

Buda_Umoja1
Mwalimu heshima yako, lakini hapo kwa kalamu nyekundu nakataa. Kama Nairobi nzima mtu akisema severally tunaelewana, na Wanaijeria pia wanaitumia hivyo hivyo, basi kosa liko wapi? Wazungu wenyewe si umesema walibadilisha several kutoka "iliyotengwa" ikawa "kadhaa"? Wao wakibadilisha ni lugha inakua, sisi tukibadilisha ni kalamu nyekundu.

Mwalimu Mstaafu
Hoja yako ina uzito, siibishii. Kwa ofisi yenu na kwa WhatsApp tumieni. Shida ni kwamba hiyo fomu haikuandikwa kwa Kiingereza cha WhatsApp, na siku mambo yakiharibika itasomwa kwa maana ya aliyeiandika, si kwa maana ya supavaiza wa huyu kijana.

DadaWaSouthB
Acha niingilie, mimi nimefanya kazi kwa dawati la mikopo ya sacco na hii laini watu huiruka kila siku. Chukulia hivi, mmeingia mat watu wanne mkisema "tuko pamoja", kufika steji watatu wameruka wakaenda, konda anamshika yule amebaki kwa mlango anamdai fea ya wote wanne. Hajali nani alikalia kiti gani. Hiyo ndio jointly and severally.

Sasa kwa pesa. Binamu yako akiacha kulipa, kawaida sacco huanza na akiba yake mwenyewe. Tuseme baada ya hapo deni limebaki 300,000. Ingekuwa severally peke yake, kila mdhamini angedaiwa fungu lake na hapo basi, 100,000 kila mtu. Lakini hii "jointly and severally" inampa mwenye kudai ruhusa ya kuchagua, anaweza kuwafuata nyote watatu, ama awaache wale wawili akujie wewe pekee kwa 300,000 yote kwa sababu payslip yako ndio imenyooka. Ukishalipa una haki ya kuwadai wenzako 100,000 kila mmoja, lakini hiyo sasa ni shughuli yako ya kuwatafuta, sacco imeshamalizana nawe. Na usisahau kumdai binamu mwenyewe, deni asili ni lake.

Kitu ingine watu hawaambiwi, ukiwa umemdhamini mtu kawaida hutaweza kutoa akiba yako na kujiondoa kwa sacco mpaka deni lake liishe ama apate mtu wa kuchukua nafasi yako. Kwa hivyo si kukatwa mara nyingi @Wa_Githurai44, inaweza kuwa mara moja tu, lakini yote.

Wa_Githurai44
Eish. Asante sana mwalimu, asante dada. Kumbe ile yangu ya mara nyingi ilikuwa hata afadhali 😅 Wale wadhamini wengine wawili mmoja ni rafiki yake wa mtaa simjui vizuri, mwingine sijui hata kama bado ako na kazi. Sasa mimi ndio niko na payslip hapo. Kuna njia ya kusaini bila kubeba yote?

DadaWaSouthB
Angalia karibu na jina lako, fomu nyingi zina nafasi ya kuandika kiasi unachodhamini. Iko?

Wa_Githurai44
Iko, lakini imeachwa wazi. Binamu alisema watajaza huko ofisini.

DadaWaSouthB
Aaah hapana. Usirudishe hiyo fomu ikiwa wazi. Andika kiasi chako mwenyewe na kalamu, kwa tarakimu na kwa maneno, useme labda 150,000, halafu uende nayo wewe mwenyewe kwa ofisi uulize kama hiyo laini ya chini inapita kiasi ulichoandika ama inaishia hapo. Wakujibu kwa maandishi. Halafu piga picha kila ukurasa kabla iondoke mkononi mwako.

Buda_Umoja1
Mimi nimefungua yangu ya mwaka jana sai. Iko wazi. Kesho niko hapo ofisini kwao saa mbili asubuhi.