Waliorudi kusoma ukubwani, tupeane uzoefu: nini hasa kilikubakiza darasani?

Mama Wawili (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 31, watoto wawili, na mwaka jana nimemaliza chuo cha maendeleo ya wananchi. Niliachia shule kidato cha pili kwa ujauzito. Enzi hizo ukipata mimba ndiyo basi. Ruhusa ya wasichana waliojifungua kurudi shuleni ilitoka Novemba 2021, wakati huo mwanangu wa kwanza yuko darasa la tano!

Siku nakwenda kuulizia nafasi, mdogo wake alikuwa na miezi minane, yuko mgongoni. Sikuanza na ada. Nilimuuliza mwalimu, "Huyu nitamwacha wapi?" Akanyanyuka, akanipeleka nyuma ya bweni. Chumba kimetandikwa mikeka, mama mmoja anakoroga uji, watoto saba wanachezea vifuniko vya chupa. Machozi yalinitoka palepale. Nimesoma ushonaji pamoja na masomo ya sekondari, na kila ikifika saa nne asubuhi nakimbia kunyonyesha, wakati mwingine blauzi imeshalowa maziwa kabla kengele haijalia.

Sasa nauliza wenzangu: nini kilikuwezesha kufika mwisho? Maneno ya kutiana moyo tunayo mengi, nataka kitu chenyewe.

Mwashi wa Dodoma
Mimi ni cheti. Nimejenga tangu 2004, ramani naisoma, lakini kwenye miradi mikubwa kila unapoomba kazi wanauliza karatasi. Nikaenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kwenye urasimishaji wa ujuzi, ule wa mafundi tuliojifunzia mtaani. Wanakupima ukiwa kazini: kona, timazi, kuchanganya zege kwa vipimo. Palipopungua wanakuongezea mafunzo mafupi, halafu unapimwa. Ningeambiwa nikae miaka miwili nifundishwe kushika mwiko, nisingekwenda. Nina wanne wanaokula kwa mwiko huo huo.

Zamu ya Usiku
Kwangu ni taa ya geti, ndiyo niliyosomea usiku. Mimi mlinzi, naingia saa kumi na mbili jioni. Kwa asiyejua utaratibu: kama hukufanya mtihani wa kidato cha pili, au ulifanya hukufaulu, huwezi kujisajili cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea mpaka upite Mtihani wa Maarifa, huu tunaouita QT. Wengi wanakwama hapa. Wanalipia tuisheni ya form four mwaka mzima, wakienda kujisajili wanarudishwa. Ulizeni mapema jamani, inauma sana.

QT nilipita mara ya kwanza. Cha nne nimekaa mara mbili, hisabati imenikataa zote mbili, ila nina D nne na C ya Kiswahili. Niko ngazi ya cheti, maendeleo ya jamii.

Mwalimu wa Karakana
Niwaongezee kidogo. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama alichosoma Mama Wawili, vilianza 1975. Mwalimu Nyerere alikuwa ameona vyuo vya wananchi kule Skandinavia, na Sweden ikasaidia kuvijenga huku. Kijiji kilikuwa kinamtuma mtu, anasoma, anarudi kufanya kazi kwao. Kwa hiyo mtu mzima kwenye vyuo hivi si mgeni, vilijengwa kwa ajili yake. Mwanafunzi wa miaka 45 akiingia karakana yangu nikiwa na 29, namwamkia kwanza, halafu ndiyo tunashika randa.

Binti wa Newala
Shikamooni. Mimi nilishindwa, na naomba nalo lisemwe. Nilianza ushonaji, ilipofika Oktoba korosho zikaanza kudondoka na wa kuokota ni mimi na mama tu. Nikaomba ruhusa wiki mbili, zikawa tano. Niliporudi wenzangu wameshamaliza mashati, wako kwenye koti. Nilisimama mlangoni, nikageuka. Hakuna aliyenifukuza.

Mama Wawili
Marahaba mdogo wangu. Pole sana. Sikiliza, vyuo hivi vina kozi ndefu na kozi fupi pia, za miezi michache. Nenda Januari, korosho zimeshauzwa, uliza fupi inaanza lini na inaisha lini, ndipo ujiandikishe. Na mwambie mwalimu habari ya msimu siku ile ile ya kwanza, usingoje Oktoba.

Binti wa Newala
Dada, naweza kuingilia kwenye koti moja kwa moja? Shati nilikuwa nimefika kwenye kola.

Mama Wawili
Hapana, malizia kola kwanza. Koti lina kola ngumu zaidi, utalifumua mara tatu kitambaa kichoke. Tafuta shati la zamani la mtu mzima, lifumue kola taratibu, uone ilivyopangwa ndani. Ukikwama piga picha, weka hapa.